Damu ya Mbuzi, Mavi ya Tembo

Kwenye simu yangu kuna makala mbili za kisayansi za mwaka 1988. Humu hosteli hakuna aliyekuwa amezaliwa mwaka huo, na baadhi ya wazazi wetu walikuwa bado wanavaa kaptula za shule. Moja inahusu mbuzi, nyingine inahusu nyani. Nimezisoma mara nyingi kuliko notisi zangu, na zote mbili zinauliza swali ambalo nyumbani kwetu Sanje huulizwa kila siku, ila kwa sauti ya chini: kwa nini huyu hazai?

Ya mbuzi jina lake la kwanza ni la Mtanzania. Benezeth Mutayoba, ambaye wanafunzi wa mifugo hapa SUA wanalijua jina lake kama la profesa wa fiziolojia, aliiandika pamoja na Gombe, Waindi na Kaaya. Walichukua mbuzi majike, wakawaambukiza vimelea vya nagana, Trypanosoma congolense, wakaacha ugonjwa ukae mwilini muda mrefu, kisha wakawa wanapima damu. Hawakuwa wanatafuta vimelea tu. Walikuwa wanapima homoni mbili, projesteroni na estradioli.

Niliposoma kichwa cha makala ile mara ya kwanza, kwenye semina ya mwaka wa tatu, nilicheka kidogo. Sisi watu wa Bonde la Kilombero nagana tunaijua kwa macho. Mnyama anakonda, manyoya yanasimama, macho yanatoa machozi, siku moja halali vizuri, siku nyingine haamki. Mbung'o, au ndorobo kama wengi wanavyomwita, tunamjua hata kabla ya kujua kusoma. Nikawaza, sasa mtu mzima na akili zake anapima homoni za mbuzi ambaye anakaribia kufa?

Lakini hapo ndipo penyewe. Mbuzi wengi wenye nagana hawafi haraka. Wanakaa. Anakula, anatembea, anarudi zizini jioni, mwenye mali anamhesabu kama mali. Kumbe kwa ndani shughuli imesimama. Mbuzi mzima anapata joto kila baada ya siku 21 hivi, na akishika mimba anaibeba miezi mitano. Wale waliokuwa na vimelea mizunguko yao ilivurugika, na homoni za ovari zikashuka. Mfugaji hana wa kumzika, kwa hiyo hana cha kulalamikia. Ana zizi tu ambalo haliongezeki, mwaka hadi mwaka, na hajui kwamba anaibiwa.

Nisimame hapo nieleze kidogo, kwa wasomaji wa kilimo biashara na misitu ambao biolojia waliiaga kidato cha sita. Uzazi wa jike hauanzii tumboni, unaanzia kichwani. Sehemu ndogo ya ubongo inatuma amri kwa tezi ya pituitari, iliyo chini yake, ndogo kama punje. Pituitari inatuma homoni zake kwenye damu hadi kwenye ovari, na ovari inakuza yai na kutoa estradioli. Yai likishatoka, pale lilipotoka panabaki kitu kinachotoa projesteroni, ambayo ndiyo inayoutuliza mfuko wa uzazi ili mimba ikae. Ni mnyororo. Ukikata pete yoyote, mwisho wa mnyororo hausogei. Ndiyo maana unaweza kumpasua jike, ukakuta kila kiungo kipo mahali pake, na bado hazai.

Na kuna makala nyingine ya kundi hilo hilo, ya mwaka huo huo, ambayo mimi naipenda zaidi. Ilionyesha kwamba mbuzi wadogo wa Afrika Mashariki, hawa wa kienyeji wenye uwezo wa kuvumilia nagana, hubakiwa na uwezo wa kuzaa zaidi wakiwa na ugonjwa. Yaani yule mbuzi mfupi wa bibi, ambaye kila afisa akija anatuambia tumbadilishe tulete mbegu kubwa, ana kitu ambacho mbegu kubwa hana. Niliposimulia hili nyumbani mjomba alitikisa kichwa akasema, "Sasa hilo si tulikuwa tunalijua?" Nikamjibu ndiyo, mjomba, ila sasa limepimwa. Hakuonekana kuvutiwa sana na tofauti hiyo. Mimi nilivutiwa, na bado navutiwa, maana kujua bila kipimo hakumzuii mtu mwenye kipimo kukuletea ushauri mbaya.

Kupima kwenyewe ni hadithi. Homoni kwenye damu ni kidogo mno. Miaka mingi watu walijua zipo lakini hawakuwa na mizani ya kuzipimia. Mizani ilipatikana New York, kwa Rosalyn Yalow na mwenzake Solomon Berson, waliobuni njia ya kutumia kingamwili na kiasi kidogo cha mionzi kuhesabu kitu ambacho hakihesabiki. Berson alifariki mwaka 1972, na Yalow akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1977. Kufika 1988 njia hiyo ilikuwa inafanya kazi kwenye damu ya mbuzi wa Afrika Mashariki. Miaka 11 tu baada ya Nobel. Mtu akiniambia sisi hupokea sayansi ikiwa imeshachuja, huwa namtajia hilo.

Mutayoba hakuishia kwa mbuzi majike. Mwaka 1994 jina lake lipo kwenye utafiti wa kondoo madume wenye maambukizi yale yale, ambao ulifuatilia jinsi homoni inayoitwa LH inavyotoka kwa mapigo, kama moyo, na testosteroni inavyoifuata. Kufuatilia mapigo maana yake ni kuchukua damu tena na tena kutoka kwa mnyama yule yule. Kondoo anavumilia. Umemfunga, unamjua, ana jina. Lakini hapo njia ya damu inafika ukingoni, kwa sababu kuna wanyama ambao huwezi kuwaambia watulie uwachome sindano kila dakika kadhaa.

Hapo ndipo inapoingia makala ya nyani.

Samuel Wasser, Mmarekani, alianza kuwafuata nyani wa Mikumi miaka ya 1970. Mikumi ile ile tunayoipita kwa basi tukienda nyumbani, wakati konda anapiga kelele watu wasitupe maganda ya ndizi nje. Alichokuwa anakitazama ni ugomvi wa majike. Aliona kwamba majike hushambuliana, na kwamba mashambulizi hayo yanahusiana na nani anashika mimba na nani mimba yake inatoka. Kuona ni kitu kimoja. Kuthibitisha kwamba kilichoharibika ni homoni kunahitaji homoni, na huwezi kumtoa nyani damu kila siku halafu ukategemea aendelee kuishi kama nyani wa kawaida. Ukimkimbiza tu umeshaharibu kipimo.

Jibu lilikuwa chini, kwenye majani. Homoni za uzazi zikimaliza kazi hazipotei. Ini linazivunja, mabaki yanapita kwenye nyongo, yanaingia utumbo, yanatoka na mavi. Mwaka 1988 Wasser, Risler na Steiner walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba kwa nyani wa aina hiyo hiyo ya Mikumi unaweza kupima mabaki ya estradioli na projesteroni kwenye kinyesi na mkojo. Unachokisoma leo kwenye kinyesi ni habari za tangu jana au juzi, kwa sababu chakula kinachukua muda kupita. Lakini ni habari za kweli, na mnyama hajui kama umemhoji.

Sijui kama mnaona ukubwa wa jambo hilo. Mimi nililiona nikiwa nimekaa kantini na sahani ya wali, na nikashindwa kumsimulia mwenzangu kwa sababu alikuwa bado anakula.

Miaka kadhaa baadaye wale wa mbuzi na wale wa nyani walikutana kwenye tembo. Kati ya mwaka 2003 na 2005, kwa miezi 25, Kathleen Gobush, Mutayoba na Wasser walikuwa na utafiti Hifadhi ya Mikumi. Walifuatilia tembo majike wazima 218 katika makundi 109, wakakusanya mavi yao, na kazi ikachapishwa mwaka 2008. Safari hii homoni iliyotafutwa zaidi haikuwa ya uzazi moja kwa moja. Ilikuwa ya msongo, ya jamii ya kortisoli, halafu ikalinganishwa na nani ana ndama na nani hana.

Lazima nieleze tembo wanaishije. Kundi la tembo ni la majike: bibi, binti zake, wadogo zake, wajukuu. Bibi ndiye anayejua maji yako wapi mwaka wa ukame na barabara gani ina watu wenye bunduki. Na bibi ndiye mwenye pembe kubwa. Sasa fikiria miaka ya kabla ya 1989, kabla biashara ya meno ya tembo haijapigwa marufuku duniani, jinsi majangili walivyopita Mikumi. Hawakuua ovyo. Walichagua. Waliondoa mabibi.

Walichokikuta Gobush na wenzake, miaka kumi na tano hivi baada ya marufuku, ni kwamba majike ambao kundi lao halina bibi, wasio na mama wala dada karibu, wasio na ukaribu na mwingine yeyote, walikuwa na homoni za msongo juu kuliko wenzao wenye familia kamili. Waliokuwa wakipita sehemu za pembeni, zile ambazo zamani ujangili ulikuwa mkali, nao walikuwa juu. Na majike wa makundi yaliyovunjika, yale yaliyookoteza watu wasio ndugu, walikuwa wanazaa kidogo, ingawa wengi wao walikuwa kwenye umri mzuri kabisa wa kuzaa. Risasi zilikoma. Majike wakabaki, wakawa wananenepa kwenye nyasi za Mikumi huku watalii wanawapiga picha, na bado uzazi haukurudi sawa.

Nilipofika hapo niliweka simu chini.

Nina mama mdogo. Aliolewa nje ya kijiji, kwa watu ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa karibu nao, akakaa miaka sita bila mtoto, akarudishwa. Neno ndilo hilo, alirudishwa, kama bidhaa. Katika miaka sita alikunywa dawa za mizizi za kila rangi, na aliombewa na watu wa dini mbili. Zahanati moja ilimwambia aje tena, akaenda tena, akaambiwa aje tena. Mume hakupimwa hata siku moja. Wakati wote huo alikuwa analima shamba la mpunga la mama mkwe, anaugua malaria, anapona, anaugua, na chakula anakula wa mwisho.

Sitaki kusema mama mdogo ni mbuzi au tembo. Huo ni uvivu wa kufikiri, na pia ni kukosa adabu. Mwili wa mtu una sababu nyingi za kutoshika mimba, na si mara chache sababu iko kwa mwanaume. Lakini likizo iliyopita nilimsimulia mambo ya mnyororo, tukiwa tunachambua mchele, nikamweleza kwamba kwa wanyama imeshapimwa: ugonjwa wa muda mrefu, njaa, hofu, upweke, vinaweza kuufanya mwili uahirishe uzazi bila kiungo chochote kuharibika. Akauliza, "Kwa hiyo mwili unaweza kufunga mlango wenyewe, na mwenye nyumba hajui?" Nikasema kwa mbuzi ndiyo, kwa binadamu inatokea, ila kwake yeye siwezi kujua, hakuna aliyepima.

Akaendelea kuchambua. Baadaye sana, nimeshasahau mazungumzo, akasema, "Wangenipima tu."

Basi hiyo ndiyo sababu yangu, kwa wale wanaoniuliza kwa nini nimeng'ang'ania uzazi wakati wenzangu wanakimbilia kuku wa nyama na dawa za mbwa wa mjini.

Kuna watu wanaodhani Mutayoba aliziacha homoni akahamia kwenye vinasaba, kwa kuwa miaka ya baadaye jina lake linaonekana zaidi kwenye habari za meno ya tembo. Ni kweli lipo. Mwaka 2004 alikuwa mmoja wa waandishi wa kazi iliyoonyesha kwamba unaweza kuchora ramani ya vinasaba vya tembo wa Afrika, na mavi yalikuwa sehemu ya kutengeneza ramani hiyo. Mwaka 2007 ramani hiyo ilitumika kwenye shehena ya tani 6.5 za meno ya tembo iliyokamatwa Singapore mwaka 2002, na vinasaba vikaelekeza Zambia na maeneo ya jirani. Kisha mwaka 2015 Wasser na wenzake wakaonyesha kwamba meno mengi ya tembo wa porini yaliyokamatwa miaka ile yalitoka sehemu chache tu, na moja kubwa ni kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Kwetu. Sensa ya 2013 ilikuta tembo 13,084 katika mfumo wa Selous na Mikumi, ambako katikati ya miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya laki moja.

Lakini mimi sioni kuhama hapo. Fuko la mavi ni lile lile. Upande mmoja wa fuko unasoma homoni, unajua jike ana hali gani. Upande mwingine unasoma vinasaba, unajua ni nani na ametoka wapi. Mtu aliyeanza kwa kuuliza kwa nini mbuzi mwenye vimelea hazai, akamaliza kwa kuuliza nani amemuua bibi wa tembo, kwangu mimi hajabadilisha somo.

Sasa nirudi mlimani kwetu, maana Sanje nayo imo kwenye hadithi hii na watu wa Sanje wengi hawajui.

Juu ya kijiji kuna msitu wa Mwanihana, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyotangazwa mwaka 1992. Wageni wanakuja kuona maporomoko ya Sanje, mita 170, wanapiga picha, wanaoga, wanaondoka. Mwaka 1979 walikuja wageni wawili wa namna nyingine, Katherine Homewood na Alan Rodgers. Homewood aliwahi kuwachunguza kima wa Mto Tana kule Kenya, na akiwa hapa akasikia mlio unaofanana na wale, mahali ambapo kwenye vitabu kima wa jamii hiyo hawakuwepo. Aliyekuwa akiwaongoza akawaambia huyo ni ng'olaga. Kisha mtoto wa kima huyo akaonekana kijijini, anafugwa. Ndivyo dunia ilivyopata mangabei wa Sanje. Sisi tulikuwa naye tangu zamani, na jina alikuwa nalo.

Wasser mwenyewe alipanda Mwanihana kuwatazama kima, na sura aliyoandika ilitoka mwaka 1993 kwenye kitabu cha misitu ya Afrika Mashariki alichohariri na Jon Lovett. Baadaye watafiti kama Carolyn Ehardt, Gráinne McCabe na David Fernández walikaa na ng'olaga miaka mingi, na mengi waliyoandika ni uzazi: majike huzaa majira gani, watoto wa majira gani wanaishi, jike huweka kwanza akiba mwilini ndipo anabeba mimba. Jike wa ng'olaga akikaribia siku zake za kushika mimba sehemu ya nyuma inavimba na kuwa nyekundu. Uvimbe huo unaendeshwa na estrojeni, kwa hiyo anatembea na majibu ya maabara mgongoni, dume yeyote anasoma. Ila hata wengine wenye mimba tayari huvimba. Majibu mengine ni ya uongo, na pengine kwa faida ya mama, ili madume wasijue mtoto ni wa nani na wasimdhuru.

Babu yangu, aliyekuwa akipanda mlimani enzi ambazo kupanda hakukuwa kosa, alikuwa anajua ng'olaga wenye uvimbe ndio wanaofuatwa na madume. Hakuandika popote. Wala simlaumu mtu. Nasema tu kwamba mbuzi wa bibi na ng'olaga wa babu wote wamepimwa, na mimi naona ni zamu ya mjukuu kushika kipimo.

Na kipimo kina bei. Mradi niliouomba kwa mwaka wa mwisho ulikuwa kupima projesteroni kwenye mavi ya mbuzi wa Sanje, wale wanaoambiwa tasa, ili tujue nani mzunguko wake umesimama kabisa na nani anapata mimba halafu inatoka. Vifaa vyake ni sahani ndogo ya plastiki yenye vishimo 96, na dawa zake lazima ziagizwe nje zikiwa kwenye baridi. Niliuliza bei, nikaweka bumu langu la muhula mzima pembeni ya bei hiyo, nikacheka peke yangu. Ofisi moja niliyoiandikia kuomba msaada ilinijibu kwa heshima kwamba mbuzi wa kienyeji hawamo kwenye vipaumbele vyao.

Msimamizi wangu alinishauri kwa sentensi moja: "Pima unachoweza kupima, hifadhi usichoweza." Kwa hiyo nimekata mradi. Nachukua tone la damu sikioni, natafuta vimelea kwa hadubini, naandika kumbukumbu za kuzaa za kila jike kwa jinsi mwenyewe anavyokumbuka. Na mavi nakusanya hivyo hivyo, alfajiri kabla hayajakanyagwa, naweka kwenye chupa zenye ethanoli, naandika namba. Mwaka ambao sahani ya vishimo 96 itapatikana, kwa mtu yeyote wa chuo hiki, mbuzi wa Sanje watakuwa wanasubiri kwenye boksi.

Ethanoli nayo imeniletea mambo. Kijana wa bodaboda aliyenibebea boksi kutoka stendi alinusa, akanitazama kwa heshima mpya, akauliza lita moja nauza shilingi ngapi.

Wiki ya mwisho ya fildi nilikuwa kwa mama mmoja upande wa Mang'ula, shamba lake la mpunga linapakana na njia ya tembo wanaoshuka kutoka hifadhini. Wiki hiyo walikuwa wamepita mara mbili. Nilimwamkia, akanipa kigoda, nikajikuta namweleza habari za tembo wa Mikumi na mabibi waliouawa na homoni za msongo zilizobaki juu miaka yote. Alisikiliza vizuri, mikono mapajani. Usiku uliopita hakulala. Walikuwa wamekaa kwenye dungu yeye na mwanawe, wanapiga debe.

"Kwa hiyo walichukua mavi ya tembo," akasema, "wakajua ana mawazo."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi?"

Nikamwambia kwa binadamu ni rahisi zaidi, homoni hiyo hiyo ipo hata kwenye mate, unatema tu kwenye kichupa, hakuna sindano. Akaniuliza kama ninacho kichupa. Nilikuwa navyo vitatu vitupu kwenye begi. Akasema basi niache kimoja, atatema usiku wa leo kule kwenye dungu, saa ambayo wanakuja.